Kipimo cha dawa ya saratani kitoke ndani ya chembe, si kwenye mizani pekee

Miongoni mwa mambo ambayo mwananchi wa kawaida hayafahamu kuhusu matibabu ya saratani ni jinsi kiasi cha dawa anayotiwa mshipani kinavyoamuliwa. Wengi wetu hudhani kwamba daktari huwa ameuchungulia uvimbe wenyewe, akauona udhaifu wake, kisha akachagua dawa itakayouangamiza. Mambo hayako hivyo. Aina ya dawa huchaguliwa kwa kutazama saratani imeanzia kiungo gani na imeenea kiasi gani. Ama kiasi chake, mgonjwa hupandishwa kwenye mizani, akapimwa kimo, na tarakimu hizo mbili zikatiwa katika hesabu inayokadiria ukubwa wa ngozi ya mwili wake. Ukubwa huo huzidishwa kwa kiwango kilichoandikwa kitabuni, na jibu likapelekwa kwa mfamasia.

Hesabu hiyo ina historia yake. Mwaka 1916, huko Marekani, Delafield Du Bois na Eugene Du Bois walichapisha kanuni ya kukadiria ukubwa wa ngozi kutokana na kimo na uzito, baada ya kuwapima watu 9 tu. Mwaka 1958 daktari Donald Pinkel akapendekeza kwamba ukubwa wa ngozi utumiwe kupimia dawa za saratani, ili mtoto na mtu mzima wapate kila mmoja kadiri yake. Kanuni nyingine zimetungwa baadaye, lakini msingi haukubadilika. Sisemi kwamba hesabu hiyo haina maana, kwa sababu imewaokoa wengi wasipewe dawa kupita kiasi. Ninalosema ni kwamba inapima umbo la mgonjwa, ilhali vita vyenyewe vinapiganiwa mahali ambapo mizani haifiki.

Hebu tufahamishane vita hivyo ni vya namna gani. Ndani ya kila chembe ya mwili mna uzi mrefu wa DNA, ambao ndio umebeba maagizo yote ya uhai. Chembe haiwezi kugawanyika mpaka iwe imeyanakili maagizo hayo kikamilifu. Saratani ni chembe zilizokataa kutii amri ya kuacha kugawanyika. Nyingi miongoni mwa dawa zinazotumiwa katika tibakemikali, ambayo wagonjwa wenyewe huiita kemo, hufanya kazi kwa kuudhuru uzi huo ili chembe ishindwe kunakili na hatimaye ife.

Mfano mzuri ni sisplatini, dawa iliyotokana na madini ya platini. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alikuwa akipitisha umeme katika maji yenye bakteria kwa kutumia vijiti vya platini. Aliona bakteria hao wakirefuka bila kugawanyika, na uchunguzi ukaonyesha kuwa si umeme uliowazuia bali ni kemikali iliyotoka kwenye platini. Mwaka 1978 sisplatini iliidhinishwa Marekani kuwa dawa ya saratani. Inapoingia ndani ya chembe hujipachika kwenye DNA na kuzibana herufi za maagizo pamoja, mithili ya mtu aliyezibana kurasa za kitabu kwa pini, asiweze mwingine kuzisoma wala kuzinakili. Ndugu yake, kaboplatini, hufanya kazi kwa njia iyo hiyo.

Lakini chembe nayo haikai ikatazama tu. Imejaliwa mafundi wanaopita kila mara kwenye uzi wa DNA wakitafuta palipoharibika, wakikata kipande kibovu na kukishona upya. Kazi ya kuwagundua mafundi hao ndiyo iliyowapatia Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015. Mafundi hao hutukinga na madhara ya jua, ya moshi na ya mambo mengine mengi, ila wakiwa hodari ndani ya uvimbe huwa balaa. Dawa hupachika pini leo, nao huzing'oa kesho. Hivyo basi watu wawili wa kimo kimoja na uzito mmoja, wenye saratani ya aina moja, wanaweza kutiwa dawa ile ile kwa kiasi kile kile. Uvimbe wa mmoja utayeyuka, na wa mwenziwe utaendelea kukua kana kwamba alitiwa maji matupu. Figo na masikio, hata hivyo, vitaumia kwa wote wawili.

Swali ambalo wanasayansi wamelishika ni hili: je, haiwezekani kuzihesabu zile pini zilizopachikwa kwenye DNA, ili ijulikane mapema kama dawa imefika na kama imekaa? Watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis, wakishirikiana na wenzao wa maabara ya taifa ya Lawrence Livermore, walibuni njia moja. Mgonjwa hupewa kwanza kaboplatini kidogo mno, kama sehemu moja katika mia ya dozi ya kawaida, iliyotiwa alama ya kaboni yenye mnururisho hafifu. Kisha huchukuliwa damu yake, na inapowezekana kipande kidogo cha uvimbe, na mtambo wenye nguvu nyingi huhesabu ni chembe ngapi za dawa zilizonasa kwenye DNA. Dozi hiyo ni ndogo hata haiwezi kumdhuru kama inavyofanya dozi kamili. Katika majaribio yao kwa wagonjwa wachache wenye saratani ya kibofu cha mkojo na ya mapafu, matumaini yalionekana kwamba wale ambao DNA yao imenasa dawa kwa wingi ndio wanaoelekea kunufaika. Huo ni utafiti bado, wala haujawa kipimo cha kila siku hospitalini.

Kuna njia nyingine iliyo nyepesi zaidi, nayo ndiyo inayonivutia mimi niliye mbali na mitambo ya California. Mwaka 1984 Östling na Johanson, watafiti wa Sweden, walieleza namna ya kuuona uharibifu wa DNA katika chembe moja moja, na mwaka 1988 Narendra Singh na wenzake wakaiboresha. Chembe hutiwa katika utandu mwembamba wa ute juu ya kioo cha darubini, zikavuliwa maganda yake, kisha umeme ukapitishwa. DNA iliyo nzima hubaki imejikunja mahali pake, na iliyokatikakatika huburutwa na umeme ikafanya mkia. Chini ya darubini huonekana mfano wa nyota yenye mkia, na ndiyo maana kipimo hicho kikaitwa kwa jina la kimondo. Kadiri mkia unavyokuwa mrefu ndivyo uharibifu unavyokuwa mwingi. Kwa sisplatini, ambayo hufunga badala ya kukata, mtaalamu huikata kwanza DNA kwa makusudi, kwa mnururisho au kwa kemikali, kisha hutazama jinsi pini za dawa zinavyoufanya mkia uwe mfupi kuliko ilivyotazamiwa. Vifaa vinavyohitajika ni darubini ya mwanga wa rangi, kisanduku cha umeme, rangi za kemikali, na zaidi ya vyote mikono iliyofunzwa.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanamhusu nini mtu wa Kaaga. Yanamhusu sana. Hapa kwetu, pembezoni mwa mji wa Meru, hapapiti miezi mingi kabla ya kadi ya mchango wa matibabu ya saratani kukufikia mkononi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 Wakenya zaidi ya 42,000 walipatikana na maradhi hayo, na zaidi ya 27,000 wakafariki. Mashariki ya Afrika, tangu Ethiopia hadi Afrika Kusini, inajulikana na wataalamu kwa wingi wa saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni, na Kenya imo katika ukanda huo. Sisplatini pamoja na fluorourasili ni miongoni mwa dawa ambazo zimetumiwa kwa miaka mingi kuikabili.

Nilihudhuria mchango mmoja wa aina hiyo kwa ajili ya mzee jirani yetu, mkulima wa kahawa. Wakati huo alikuwa amekwisha kupata dozi nne katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, kwa kuwa naamini ilifanya ilivyoweza. Ng'ombe wa maziwa alikuwa ameuzwa, na kipande cha shamba kilikuwa mbioni kufuata. Dozi ya nne ilipokwisha, picha zilionyesha kwamba uvimbe haukupungua hata kidogo. Mzee alikuwa amepoteza nywele, ganzi imemshika vidoleni na masikio yakimvumia usiku kucha. Mkewe, mama mwenye busara ambaye hakupata nafasi ya kusoma sana, alinivuta kando akaniuliza, "Mwalimu, hivi hapakuwa na njia ya kuuliza uvimbe wenyewe kabla hatujauza ng'ombe?"

Sijapata kusikia swali la kitaalamu lililoulizwa kwa maneno machache kuliko hayo. Ndilo swali wanalojiuliza mabingwa wa California na mitambo yao. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na gharama ya dozi isiyofaa aijuaye ni yule aliyeuza alichonacho kuilipia.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni anasa ya mataifa tajiri. Watauliza, tutazungumzaje juu ya kupima DNA ilhali wagonjwa wengi hufika hospitalini maradhi yakiwa yamekomaa, na majibu ya nyama iliyokatwa kuchunguzwa huchukua majuma? Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki mtu aache kudai uchunguzi wa mapema kwa sababu ya kuota mitambo. Hata hivyo, naona imepinduka kichwa chini miguu juu. Tajiri akipewa dawa isiyomfaa, atabadilishiwa wiki ijayo, na bima yake italipa. Maskini ana nafasi moja tu. Dozi tatu za kwanza zikipotea bure, fedha za dawa ya pili hazipo, nguvu za mwili za kuihimili hazipo, na safari nyingine ya zaidi ya kilomita 200 hadi Nairobi haiwezekani. Kipimo kinachomwambia mapema kwamba dawa hii haitakufaa ni akiba kwake kabla ya kuwa fahari ya sayansi.

Isitoshe, si kweli kwamba sayansi ya dawa za saratani ni kitu kigeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa sehemu zetu, ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Yeye mjini Kampala, na Peter Clifford mjini Nairobi, walianza kuwatibu watoto hao kwa dawa mnamo miaka ya mwanzo ya 1960, siklofosfamidi ikiwa mojawapo, nayo ni dawa inayodhuru DNA. Walishangaa kuona uvimbe mkubwa ukiyeyuka katika siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1967 pakaanzishwa Kampala kituo kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na mwaka 1972 Burkitt na John Ziegler, aliyekiongoza kituo hicho, walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Lasker. Msukosuko wa utawala wa Idi Amin ulipowalazimisha wageni kuondoka, Mganda Charles Olweny ndiye aliyeushika usukani. Kwa ufupi, watoto wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuonyesha ulimwengu kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa. Haielekei basi kwamba tuliokuwa mstari wa mbele wakati huo tungojee leo kuletewa makombo.

Tena kungojea kwenyewe kuna hatari. Chukua ile fluorourasili niliyoitaja. Mwili huivunja kwa kutumia kimeng'enya fulani, na watu ambao jeni ya kimeng'enya hicho ina kasoro huweza kuuawa na dozi iliyo ya kawaida kwa wenzao. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza wagonjwa wapimwe kabla ya kupewa dawa hiyo, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kasoro nne ambazo vipimo vingi vya huko vilitungwa kuzitafuta ni zile zilizogunduliwa kwa Wazungu. Iko nyingine, inayopatikana kwa watu takriban 3 hadi 5 katika kila mia wenye asili ya Kiafrika, na ambayo ni nadra mno kwa Wazungu. Mwafrika aliyepimwa kwa kipimo kama hicho aweza kuambiwa hana neno, ilhali hatari anayo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Ndivyo itakavyokuwa pia kwa vipimo vya uharibifu wa DNA. Ikiwa mpaka kati ya pini nyingi na pini chache utawekwa kwa kutazama damu ya watu wa California pekee, sisi tutaupokea kama tulivyoipokea ile kanuni ya watu 9 ya mwaka 1916, na tutaufuata miaka mia nyingine bila kuuliza. Maadamu mpaka wenyewe haujawekwa, huu ndio wakati wa kuwamo katika utafiti.

Je, tuanzie wapi? Nionavyo mimi, hatua ya kwanza haihitaji mtambo wowote mpya. Hospitali za kaunti zinazotoa dawa za saratani zihakikishe kwamba kila mgonjwa anapimwa figo na damu kabla ya kila dozi ya sisplatini, na kwamba matokeo yanaandikwa na kuhifadhiwa. Hicho nacho ni kipimo cha mtu binafsi. Mwaka 1989 Hilary Calvert na wenzake nchini Uingereza walichapisha kanuni ya kutoa kaboplatini kwa kufuata nguvu za figo za mgonjwa mwenyewe badala ya ukubwa wa ngozi yake, nayo inatumika duniani kote hadi sasa. Panapotakiwa kaboplatini, ifuatwe kwa uaminifu, na wala isikadiriwe kwa macho.

Hatua ya pili ni ya vyuo vikuu vyetu. Hapa Kaaga tunacho Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya, kinachofundisha udaktari, ufamasia na uuguzi. Kipimo cha kimondo kiko ndani ya uwezo wa chuo chochote chenye maabara nzuri na walimu wenye ari. Wanafunzi wakianza kupima damu ya wagonjwa waliokubali, kabla na baada ya dozi, na kulinganisha mikia waliyoiona na picha za uvimbe miezi mitatu baadaye, tutakuwa tumeanza kujua jinsi dawa hizi zinavyotenda ndani ya miili ya watu wetu. Kazi hiyo haitampa mgonjwa wa leo jibu, na ni lazima aelezwe hivyo waziwazi kabla ya kutoa damu yake. Lakini itamwandalia mwanawe.

Hatua ya tatu ni ya serikali, ya taifa na ya kaunti. Makampuni na vyuo vya nje vinapokuja kuomba kibali cha kujaribu dawa au vipimo, masharti yawe kwamba wataalamu wetu wafunzwe, sampuli zisiondoke zote nchini, na kipimo kikithibitishwa kiuzwe kwa bei ambayo hospitali ya umma inaimudu. Tusione haya kudai hayo.

Nina onyo moja kabla ya kuweka kalamu chini. Kila sayansi mpya ina madalali wake. Hawatakosa watu wa kufungua vyumba mjini na kuwauzia wagonjwa waliokata tamaa kipimo cha DNA kinachodai kuchagua dawa bila ushahidi wowote. Msomaji asimpe mtu wa namna hiyo shilingi yake. Wala mgonjwa aliye katikati ya matibabu asiache dawa kwa sababu amesoma makala kama hii. Amwulize daktari wake maswali mawili ambayo ana haki ya kujibiwa: tutajua lini kama dawa inafanya kazi, na ikiwa haifanyi kazi tutafanya nini?

Daktari anayeulizwa maswali hayo kila siku, na wagonjwa wengi, naye atawauliza wakubwa wake, na wakubwa watalazimika kutafuta vipimo. Ndivyo huduma za afya zinavyosukumwa mbele. Mizani na ubao wa kupimia kimo vimetutumikia vizuri, nasi hatuvitupi. Lakini dawa inayokwenda kudhuru DNA ya mtu inastahili kupimwa kwa kuitazama hiyo DNA, na DNA ya mtu wa Meru iwemo miongoni mwa zitakazotazamwa.